Polisi wa Kigeni Nchini Haiti: Je, Huyu Ndiye Msamaria Mwema?

Asubuhi moja hapa seminarini tuliiombea Haiti katika sala za waamini. Baadaye, katika kipindi cha Mafundisho Jamii ya Kanisa, frateri mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Tumeomba amani irudi Haiti. Irudishwe na nani? Na polisi wa Kenya?" Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Kengele ya kumaliza kipindi ililia, na swali likatufuata hadi kwenye meza ya chakula.

Tunaliandika hapa kwa sababu tunajua si letu peke yetu. Hata katika jumuiya ndogo ndogo waamini wanauliza: kwa nini askari wa nchi jirani wavuke bahari ya Atlantiki kwenda kupambana na majambazi wasiowajua, ilhali wa nyumbani hawajaisha? Wapo wanaojibu haraka kwamba hiyo ni biashara ya fedha za Wamarekani. Wapo wanaojibu, kwa haraka ileile, kwamba ni undugu wa watu weusi. Sisi tunaona majibu yote mawili ni mepesi mno.

Maoni yetu ni haya. Kupeleka polisi kuisaidia nchi nyingine kunaweza kuwa tendo halali la upendo kwa jirani. Lakini halihalalishwi na nia njema tu, wala na barua ya mwaliko. Linahalalishwa pale linapofuata sheria, pale wanaosaidia wanapokubali kuulizwa na wanaosaidiwa, na pale wageni wanapoondoka na kuwaachia wenyeji polisi wao wenyewe wanaoaminika. Haiti imesaidiwa mara nyingi, na mara nyingi ni hilo la tatu lililokosekana.

Kilio ni cha kweli

Tuanze na majeruhi aliyelala njiani, kwa maana bila yeye hakuna Msamaria. Rais Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake Julai 7, 2021. Tangu Januari 2023, muda wa maseneta kumi wa mwisho ulipokwisha, nchi hiyo ya watu zaidi ya milioni 11 ilibaki bila kiongozi hata mmoja wa kitaifa aliyechaguliwa na wananchi. Magenge yenye silaha yakaishika sehemu kubwa ya jiji kuu, Port-au-Prince. Kwa mwaka 2024 pekee, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu watu zaidi ya 5,600 waliouawa. Kufikia katikati ya mwaka 2025, watu takribani milioni 1.3 walikuwa wameyakimbia makazi yao.

Kanisa la Haiti halikubaki pembeni likihesabu maiti za wengine. Januari 2024 masista sita wa Shirika la Mtakatifu Anna walitekwa ndani ya basi mjini Port-au-Prince, na Baba Mtakatifu Fransisko akaomba hadharani waachiliwe. Waliachiliwa siku chache baadaye. Machi 31, 2025 magenge yalipouvamia mji wa Mirebalais, masista wawili wa Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu waliuawa. Hao ni watawa waliochagua kubaki na watu wao.

Kwa hiyo anayesema kwamba mambo ya Haiti yaachiwe Wahaiti wenyewe, tunamwomba asome tena sura ya kumi ya Injili ya Luka. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu. Walipita tu kando. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, alipohutubia Umoja wa Mataifa Aprili 18, 2008, alikumbusha kwamba kila dola ina wajibu wa kwanza wa kuwalinda watu wake, na kwamba dola ikishindwa, jumuiya ya kimataifa inapaswa kuingilia kati kwa njia za kisheria. Maneno "kwa njia za kisheria" tuyashike vizuri, maana ndipo safari ya Kenya ilipoanza kujikwaa.

Safari iliyopitia mahakamani

Kwa kawaida polisi wa nchi mbalimbali husaidiana kimyakimya. Hubadilishana taarifa kupitia Interpol, hukabidhiana watuhumiwa, hufundishana kuchunguza alama za vidole na fedha chafu. Hapa kwetu wakuu wa polisi wa ukanda huu wana umoja wao, EAPCCO, tangu mwaka 1998. Misaada ya namna hiyo haizui mjadala mkubwa. Mjadala huja askari anapovaa sare ya nchi yake na kushika bunduki katika mitaa ya nchi ya wengine.

Serikali ya Haiti iliomba kikosi cha kimataifa Oktoba 2022. Ilipita miezi kadhaa bila nchi kubwa hata moja kukubali kukiongoza. Julai 2023 Kenya ikajitolea kupeleka askari polisi 1,000. Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha kwa Azimio namba 2699: nchi 13 zilikubali, China na Urusi hazikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Hakikuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa wenyewe. Kilipata kibali chake tu, na fedha zake zilitegemea hiari ya wafadhili, Marekani ikiwa ya kwanza.

Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ikaubatilisha mpango huo. Jaji alieleza kwamba Baraza la Usalama wa Taifa la Kenya linaweza kutuma nje majeshi ya ulinzi, si polisi. Akaongeza kwamba sheria ya polisi inaruhusu askari kwenda katika nchi iliyo na makubaliano ya kusaidiana na Kenya, na Haiti haikuwa nayo.

Wapo walioiona hukumu hiyo kama kikwazo kwa wema. Sisi tunaiona kama somo. Jeshi hupambana na adui. Polisi huishi na raia, humkamata, humpeleka mahakamani, na hujibu akimwonea. Ukimtoa polisi nje ya sheria iliyomweka, unabaki na mtu mwenye bunduki tu. Jaji alikuwa anauliza swali ambalo mama yeyote wa Port-au-Prince angeuliza: huyu askari akimpiga mwanangu risasi, nitamshtaki wapi?

Machi 1, 2024 makubaliano yakasainiwa Nairobi mbele ya Rais William Ruto na Waziri Mkuu Ariel Henry. Waziri Mkuu huyo hakuwa amechaguliwa na wananchi. Hapohapo, akiwa bado safarini, magenge yakavunja magereza makubwa ya Port-au-Prince, maelfu ya wafungwa wakatoroka, uwanja wa ndege ukafungwa. Henry hakuweza kurudi nyumbani na hatimaye akajiuzulu. Aliyetia sahihi kwa niaba ya wenye nyumba alifungiwa nje ya nyumba.

Siku moja, miji miwili

Askari wa kwanza wa Kenya, wapatao 400, walitua Port-au-Prince Juni 25, 2024. Tunawaomba wasomaji waikumbuke tarehe hiyo. Siku hiyohiyo jijini Nairobi maelfu ya vijana waliandamana kupinga Muswada wa Fedha, baadhi yao wakaingia bungeni, na polisi wakafyatua risasi za moto. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo 39 kati ya Juni 18 na Julai 1, pamoja na watu 32 waliopotezwa au kutoweka kwa kulazimishwa. Muswada wenyewe uliondolewa siku iliyofuata.

Si nia yetu kuwadhihaki majirani zetu. Anayemnyooshea jirani kidole akumbuke kutazama nyumba yake kwanza, na sisi Watanzania hatuna sababu ya kujitoa katika onyo hilo. Tunachosema ni hiki: msaada wa polisi haupelekwi kwa ndege kama magunia ya unga. Unachopeleka ni desturi. Askari husafiri na namna aliyozoea kumwona raia. Kama nyumbani amezoeshwa kumwona kijana wa mtaani kuwa adui, hataanza kumwona kuwa ndugu kwa sababu amevuka bahari, tena akiwa mahali ambapo watu wengi husema Krioli naye anajua Kiswahili na Kiingereza.

Hata hivyo haki inatudai tuseme upande wa pili. Askari walioenda Haiti walienda na mapungufu ambayo hawakuyaumba wao. Kikosi kilitarajiwa kuwa na watu 2,500. Mwaka 2025 kilikuwa na wapatao 1,000 hivi, Wakenya wakiwa zaidi ya 700 kati yao, wengine wakitoka Guatemala, El Salvador, Jamaica, Bahamas na Belize. Magari ya deraya yaliharibika mara kwa mara. Februari 2025 askari wa kwanza wa Kenya aliuawa kwa risasi, na wengine walifuata. Hao walikuwa watoto wa watu, wenye wake na watoto, na baadhi yao yawezekana walikomunika pamoja nasi katika Kanisa moja. Tusiruhusu hoja zetu za siasa zitunyime machozi kwa ajili yao.

Misaada iliyotangulia

Ili kuelewa kwa nini Wahaiti wengi hawakuwapokea wageni kwa vigelegele, inatupasa kujua wangapi waliwatangulia. Marekani iliikalia Haiti kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, ikaunda askari wapya chini ya maofisa wake. Mwaka 1995 Rais Jean-Bertrand Aristide alilivunja jeshi, na likaundwa jeshi la polisi la taifa lililopo hadi leo, mafunzo yakitolewa na Marekani, Kanada na Ufaransa. Kuanzia 2004 hadi 2017 kikaja kikosi cha Umoja wa Mataifa, MINUSTAH.

Kikosi hicho kiliacha makovu mawili. La kwanza ni kipindupindu. Oktoba 2010 ugonjwa huo uliingia Haiti kwa maji machafu kutoka katika kambi ya walinda amani, ukaua watu karibu 10,000. Umoja wa Mataifa ulikwepa kwa miaka kadhaa, hadi Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipoomba radhi kwa Wahaiti. La pili ni la aibu zaidi. Mwaka 2007 zaidi ya wanajeshi 100 wa Sri Lanka walirudishwa kwao kwa tuhuma za kuwadhulumu watoto kingono, na uchunguzi wa shirika la habari la AP mwaka 2017 ulionyesha kwamba hakuna aliyefungwa.

Ndiyo sababu Azimio namba 2699 lilitaka kiwepo chombo cha kusimamia haki za binadamu ndani ya kikosi kipya, tena likakitaka kikosi kishughulikie majitaka yake ili kisilete magonjwa. Azimio la Baraza la Usalama likizungumzia vyoo vya askari! Anayesoma historia haoni kichekesho. Anaona dunia imejifunza, kwa gharama ya makaburi 10,000, kwamba mgeni anayekuja kukuokoa anaweza kukuua bila kukusudia.

Na kuna jambo moja zaidi. Jimmy Chérizier, mkuu wa muungano wa magenge aliyewekewa vikwazo na Baraza la Usalama Oktoba 2022, aliwahi kuwa askari wa polisi ya taifa la Haiti, polisi ileile iliyofunzwa na mataifa makubwa. Kumfundisha mtu kulenga shabaha ni kazi ya wiki chache. Kumjenga askari anayelipwa mshahara wake kwa wakati, asiyenunuliwa na mwanasiasa, anayeogopa mahakama na Mungu, ni kazi ya kizazi kizima, na hiyo wafadhili huichoka mapema.

Mifano miwili ya kutazama

Je, imewahi kufanikiwa popote? Kwa kiasi, ndiyo. Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki, vilisambaratika kwa mapigano tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Padre Mkatoliki Augustine Geve, aliyekuwa mbunge na waziri, aliuawa mwaka 2002. Julai 2003 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwapokea askari wa nje, nao wakaja wakiongozwa na Australia pamoja na majirani wa visiwa vya jirani. Mwanzoni wanajeshi walikuwa wengi, lakini polisi ndio walioongoza kazi. Silaha zipatazo 3,700 zilikusanywa. Mkuu wa wapiganaji aliyelaumiwa kwa mauaji yale alijisalimisha mwezi Agosti mwaka huohuo. Kikosi kilikaa hadi mwaka 2017, miaka 14. Haikuwa kazi isiyo na dosari, kwa kuwa mwaka 2006 sehemu ya mji mkuu, Honiara, ilichomwa moto wageni wakiwapo. Lakini kulikuwa na bunge lililoita, majirani waliokuja, na uvumilivu wa kukaa. Haiti ilikosa bunge, na mwongozaji wake alitoka bara jingine.

Mfano wa pili ni wa nyumbani, ingawa ulihusu jeshi na si polisi. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo tunamwita Mtumishi wa Mungu, alilazimika kuwaomba Waingereza, wakoloni wa juzi tu, waje kuwanyang'anya waasi silaha. Walikuja Januari 25 na kazi ikaisha upesi. Mwalimu hakuficha kwamba lilikuwa jambo la aibu kwa taifa. Lakini tazama alichofanya baadaye. Hakuwaacha wageni wazoee nyumba. Aliwaita mawaziri wa nchi za Afrika Dar es Salaam mwezi Februari, na Waingereza wakapokewa na kikosi cha Wanigeria. Kufikia Septemba mwaka huohuo Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limezaliwa. Msaada ulikuwa daraja. Hakujenga nyumba juu yake.

Kanuni auni na bunduki za Florida

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana jina la jambo hilo: kanuni auni. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno, na Mtakatifu Yohane XXIII akaipeleka hadi ngazi ya mataifa mwaka 1963 katika Pacem in Terris. Kwa lugha ya mtaani: mkubwa amsaidie mdogo afanye kazi yake, asimnyang'anye. Mamlaka ya dunia haipo ili kushika nafasi ya mamlaka ya nchi, bali kuweka mazingira ambamo kila nchi na kila raia ataweza kutimiza wajibu wake kwa usalama zaidi.

Tukiitumia kanuni hiyo kwa Haiti, tunagundua kwamba ushirikiano muhimu kuliko wote wa kipolisi haukuhitaji Mkenya hata mmoja. Haiti haitengenezi bunduki. Ripoti ya Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba silaha nyingi za magenge hutoka Marekani, hasa kupitia Florida, zikifichwa ndani ya shehena za bidhaa. Polisi na maofisa wa forodha wanaoweza kuyakagua makasha hayo wako Miami, wana mishahara mizuri, na hawahitaji kupigwa risasi na mtu. Nchi inayotoa fedha ili wengine wakapambane na bunduki zilizotoka katika bandari zake inamfunga majeruhi kidonda kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inauza rungu.

Hapa ndipo hasira yetu ilipo, kuliko kwa yule askari wa Kenya aliyetumwa. Dunia imekubali mgawanyo wa kazi ambamo maskini wa taifa moja hutumwa kufa pamoja na maskini wa taifa jingine, na wenye uwezo huchangia magari mabovu. Septemba 30, 2025 Baraza la Usalama liliamua kikosi hicho kigeuzwe kuwa kikubwa zaidi, chenye askari hadi 5,500, na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kukihudumia. Idadi itaongezeka, na huenda magari yataboreka. Lakini kama makasha ya Florida hayatakaguliwa na polisi wa Haiti hawatalipwa, tutaiombea Haiti tena na tena bila kubadilisha neno.

Msamaria alifanya nini?

Tukirudi kwa Luka, tunaona Msamaria alifanya mambo ambayo wapelekaji wa misaada huyasahau. Alimsogelea majeruhi karibu, akamwona. Alitumia mafuta, divai na mnyama wake mwenyewe. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni na kumkabidhi kwa mwenyeji, kwa maana hakudai kwamba yeye peke yake ndiye mponyaji. Akalipa, na akaahidi kurudi kukamilisha hesabu. Kusogea, kutoa cha kwako, kumkabidhi mwenyeji, kurudi kujibu hesabu: hicho ndicho kipimo chetu kwa taifa lolote linalopeleka polisi nje, likiwemo la kwetu siku litakapoombwa.

Mtakatifu Yohane Paulo II alipofika Port-au-Prince Machi 9, 1983 alisema waziwazi, katika nchi iliyokuwa chini ya Duvalier, kwamba lazima kitu kibadilike pale. Hakuwa na kikosi. Miaka mitatu baadaye, Februari 1986, Duvalier alikimbia, na walioikomesha hofu walikuwa Wahaiti wenyewe, wengi wao wakitoka katika jumuiya ndogo za Kanisa. Tunalikumbuka hilo kila tunaposhawishika kudhani kwamba Wahaiti ni watu wa kuokolewa tu.

Sisi mafrateri, Mungu akijalia, kesho tutakuwa mapadre katika parokia zenye kambi za polisi. Tutabatiza watoto wa askari na kuzika vijana waliouawa na askari, pengine katika juma moja. Tujifunze tangu sasa kuwapenda wote wawili bila kumdanganya yeyote. Ninyi waamini, askari wa nchi yenu watakapotumwa mbali, waombeeni warudi salama, kisha waulizeni viongozi wenu bila woga: wameitwa na nani, watajibu kwa nani, na wataacha nini nyuma yao?

Yule frateri bado hajapata jibu lake kamili. Lakini katika sala za waamini za juma lililofuata aliiombea Haiti kwa kuongeza kidogo. Aliomba amani irudi kwa mikono ya Wahaiti, na mikono ya wengine iwe safi inapowashika. Tukaitikia sote.